Sifa ya kampuni hupimwaje, na nani huulizwa?

Leo naweka kando programu kidogo nizungumzie namba ambayo makampuni makubwa hupenda sana kuitangaza: alama ya sifa. Utasikia kampuni fulani imepata 74 kati ya 100, mpinzani wake 69, na aliye mbele anapiga vigelegele. Mimi mtunzi wa programu nikiona namba kama hizo huwa na swali moja tu: data ilitoka kwa nani?

Kazi ya kupima majina ya makampuni si ya jana. Jarida la Fortune la Marekani lilianza orodha yake ya makampuni yanayoheshimiwa zaidi mwaka 1983. Walioulizwa ni wakubwa wa makampuni, wakurugenzi na wachambuzi wa masoko ya hisa, yaani wakubwa wakipeana alama wao kwa wao. Mwaka 1997 Charles Fombrun na Cees van Riel wakaanzisha Reputation Institute, na 2006 taasisi hiyo ikatoa kipimo kiitwacho RepTrak. Hapo wananchi nao wanaulizwa: je, unaiamini kampuni hii? Unaiheshimu? Kisha wanaulizwa juu ya mambo saba: bidhaa na huduma, ubunifu, mazingira ya kazi, utawala, mchango kwa jamii, uongozi na mapato. Na kwa kuwa watu wa nchi moja hutoa alama kwa ukarimu kuliko wa nchi nyingine, alama husawazishwa kwanza ndipo makampuni yalinganishwe.

Ni kazi ya maana, siidharau. Lakini kipimo hakiwezi kukwambia zaidi ya wanachojua wale walioulizwa. Kumbuka Enron. Fortune iliitaja kuwa kampuni bunifu zaidi Marekani miaka sita mfululizo, 1996 hadi 2001. Agosti 2001 mmoja wa maofisa wake, Sherron Watkins, alimwandikia mkuu wake Kenneth Lay akimwonya juu ya hesabu za kampuni. Desemba mwaka huo huo Enron ikaomba kufilisika, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi na akiba za uzeeni. Waliotoa sifa walikuwa nje. Aliyejua moshi unatoka wapi alikuwa ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo ninapokerwa zaidi. Tuseme kuna kampuni ya kutuma pesa kwa simu. Imehoji watu 1,000: wateja 900 na mawakala 100. Wateja wanaipa 80. Mawakala, wale wanaokaa kibandani kutwa nzima, wanaipa 20. Wastani wa wote ni 74. Kampuni ya pili nayo imehoji idadi ile ile, wateja wakaipa 74, mawakala 74. Wastani, 74. Kwenye orodha makampuni haya ni sare! Lakini moja ina mawakala walioridhika, na nyingine ina mawakala wanaongoja tu siku ya kufunga vibanda.

Ukiamua kila kundi liwe na uzito sawa, ile ya kwanza inaanguka kutoka 74 hadi 50. Data ni ile ile, hakuna aliyebadilisha jibu. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mmoja mbele ya tarakilishi juu ya namna ya kujumlisha. Uamuzi huo ni mstari mmoja tu katika programu, na msomaji wa gazeti hauoni kamwe.

Kama unadhani haya ni mambo ya hesabu tu, tazama Uingereza. Kuanzia 1999, posta ya huko iliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi madogo walitiwa hatiani kwa kutegemea data hiyo. Wengine walifungwa jela. Wengi waliopiga simu kulalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro za mfumo Desemba 2019, na mwaka 2024 ikapitishwa sheria ya kufuta hukumu za mamia yao.

Fikiria mteja aliyekuja kununua stempu katika tawi hilo. Ungemhoji kuhusu posta angekupa alama nzuri bila kusema uongo, maana stempu ameipata. Aliyeujua ukweli ni yule aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Kundi lake ni dogo, na ndani ya wastani wa nchi nzima lingemezwa kama chumvi ndani ya bahari.

Najua mameneja watasema: tupe namba moja, hatuna muda wa kusoma kumi. Naam, namba moja inafaa kama unafuatilia kampuni ile ile mwaka hadi mwaka kwa maswali yale yale. Ila kwa kulinganisha makampuni mawili, nadai mambo matatu. Kwanza, tangazeni ni nani walioulizwa na wangapi kwa kila kundi. Pili, onyesheni alama ya kila kundi kando: wateja, wafanyakazi, mawakala, wanaoiuzia kampuni bidhaa, na majirani wa kiwanda. Tatu, alama ya chini kabisa iandikwe kwa herufi kubwa sawa na ya wastani.

Haya si magumu kiufundi. Safu ya kundi tayari imo ndani ya hifadhidata. Kinachotakiwa ni kutoifuta wakati wa kujumlisha. Kijana anayetafuta kazi ataangalia alama ya wafanyakazi. Mama anayetaka kufungua kibanda ataangalia ya mawakala kabla hajaweka akiba yake humo.

Kwa hiyo ukiletewa orodha ya makampuni yenye sifa njema, usianzie juu ukishuka. Anza kwa kuuliza nani hakuulizwa. Wewe waonaje?