Mgonjwa wa mapafu apimwe uzani kabla ya kupasuliwa

MWAKA jana tulimzika mjomba wangu, mzee wa miaka 64, siku ya 17 baada ya upasuaji ambao madaktari walituambia umefanikiwa.

Na kwa hakika ulikuwa umefanikiwa. Sehemu ya pafu la kulia iliyokuwa na saratani ilitolewa yote, mshono haukuvuja damu, na siku ya pili mzee aliketi kitandani akaitisha chai. Kilichomwua ni nimonia. Hakuwa na nguvu za kukohoa. Makohozi yalimjaa kifuani, nasi tulikaa kando ya kitanda tukimsihi, "Kohoa mjomba, kohoa kidogo tu," naye akitutazama kama mtu aliyetumwa kubeba gunia lisilobebeka.

Siandiki haya kumshtaki daktari yeyote. Ninaandika kwa sababu baada ya matanga nilifungua bahasha ya karatasi zake, na humo nikakuta jambo ambalo mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha angeliona.

Kabla ya kugunduliwa kuwa na saratani, mjomba alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa vijidudu havikuwahi kuonekana katika makohozi yake. Hadithi hiyo ni ya kawaida mno hapa Uganda na kwa majirani zetu. Picha ya eksirei inaonyesha doa, mgonjwa anakohoa na kukonda, na kwa kuwa kifua kikuu ndicho tulichokizoea, anapewa dawa zake. Ndiyo maana wengi hufika kwa daktari mpasuaji wakati umekwisha pita. Mjomba alikuwa katika wachache waliowahi.

Kadi yake ya kifua kikuu inaonyesha kilo 68 mwezi wa kwanza na kilo 61 mwezi wa sita. Siku ya kulazwa, daktari wa usingizi alimpima ili apige hesabu ya dawa, akaandika kilo 57. Kilo 11 zilikuwa zimepotea, yaani asilimia 16 ya mwili wake. Nambari hizo tatu zilikuwa katika bahasha moja, lakini hakuna aliyeziweka pamoja.

Je, zingesaidia nini? Mwaka 1936, daktari mpasuaji wa Cleveland, Marekani, kwa jina Hiram Studley, aliwaangalia wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya thuluthi... la, zaidi ya moja kwa tano ya uzani wao kabla ya kupasuliwa, theluthi moja walikufa. Kwa wale waliopoteza chini ya hapo, waliokufa walikuwa kama asilimia 3.5. Hakutumia mtambo wowote ila mizani, na ni karibu miaka 90 sasa.

Baadaye vilikuja vipimo vya damu. Kinachotajwa zaidi ni albumini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya gramu 35 na 50 kwa lita. Mwaka 1999 nchini Marekani, watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 54,000 waliofanyiwa upasuaji mkubwa katika hospitali 44 za wanajeshi wastaafu. Wenye albumini ya zaidi ya gramu 46 waliofariki hawakufika asilimia moja. Kwa wale walio chini ya gramu 21, waliofariki walikuwa asilimia 29.

Hapa ndipo watu wengi, nami nikiwamo, hukosea. Tunadhani albumini ikiwa chini maana yake mtu hajala. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mchochota, yaani ule moto ambao mwili huuwasha wenyewe unapopigana na kidonda, vijidudu au saratani. Moto huo ukiwaka, ini huacha kazi ya kutengeneza albumini likaanza kutengeneza protini za vita, mojawapo ikiwa ile ipimwayo kwa jina la CRP. Misuli nayo huvunjwavunjwa ili kulisha vita hivyo. Hamu ya chakula hutoweka. Mgonjwa hukonda hata akiwa mbele ya sahani iliyojaa.

Ndiyo sababu mwaka 2020 chama cha Marekani cha wataalamu wa kulisha wagonjwa kilitoa msimamo kwamba albumini isichukuliwe tena kama kipimo cha lishe, bali kama dalili ya mchochota na hatari. Mimi naona walisema kweli, na si ubishi wa maneno. Mtu anayedhani mayai mawili kila asubuhi yatapandisha albumini ya mgonjwa wa saratani kwa wiki moja anajidanganya.

Lakini mambo haya mawili yakichanganywa, hutabiri vizuri nani atapona upesi na nani atakwama wodini. Wajapani wana hesabu yao iliyotolewa na Onodera mwaka 1984 kwa upasuaji wa tumbo, ambayo sasa madaktari wa mapafu wanaitumia pia. Unachukua albumini kwa gramu katika desilita, unazidisha kwa 10, kisha unajumlisha idadi ya limfosaiti, aina ya chembechembe nyeupe za damu, iliyozidishwa kwa 0.005. Mwenye albumini 4.2 na limfosaiti 2,000 anapata 52, na huyo yuko salama kiasi. Mwenye albumini 3.0 na limfosaiti 1,200 anapata 36. Onodera alionya kuwa walio chini ya 40 wasikatwe na kushonwa utumbo.

Glasgow, Uingereza, wana alama zao pia, zilizoanza mwaka 2003 kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wasioweza kupasuliwa. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, alama moja. Albumini ikiwa chini ya gramu 35, alama nyingine. Wengine hugawanya tu idadi ya neutrofili kwa limfosaiti, kipimo ambacho hospitali ya wilaya inaweza kukitoa kwa tone la damu.

Hata hivyo ninawaomba wakubwa wetu wasivinakili viwango vya wenzetu kama vilivyo. Waafrika wengi tuna neutrofili chache kuliko Wazungu na Wajapani, tukiwa wazima kabisa. Hilo linatokana na jini lile lile linalotukinga na aina moja ya malaria, ile ya vivax. Kwa hiyo mgonjwa wa Kampala anaweza kuonekana hana mchochota kwa kipimo cha Tokyo, kumbe anaungua ndani. Ongeza minyoo, malaria na virusi vya Ukimwi, uone jinsi hesabu inavyovurugika. Vyuo vyetu vikuu vina wajibu wa kutafuta viwango vyetu wenyewe.

Wakati tunavisubiri, mizani ipo. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri kwamba aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzani katika miezi sita alishwe kwa siku saba hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama ni wa saratani na hata kama itabidi kuuahirisha.

Nilipomweleza hayo rafiki yangu mmoja aliye daktari, alinijibu kuwa saratani haingoji. Ni kweli. Lakini mjomba alingoja wiki saba kupata nafasi. Wiki hizo saba hakuna aliyetuambia tumlishe nini.

Na hapa nakiri kosa letu sisi jamaa. Jirani alituambia saratani hulishwa na nyama, mayai na maziwa, nasi tukamwachisha vyote. Tukawa tunampa maji ya mboga na juisi ya tunda lililosifiwa redioni. Tuliyafanya kwa mapenzi. Mtu wa kilo 57 aliye katika hali ile anahitaji protini ya gramu 60 hadi 85 kwa siku. Yai moja lina gramu kama sita, kikombe cha maziwa gramu nane. Sisi tulikuwa tunampa matoke na maji.

Kisha yakaja mambo ya kufunga. Mara tatu aliambiwa asile wala kunywa tangu usiku, na mara tatu, saa tisa alasiri, sista alikuja akasema, "Pole mzee, leo nafasi imekwisha, kuleni tu." Kuleni nini, saa tisa, na kibanda cha chakula kimefungwa? Tangu mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kinaruhusu maji na chai ya rangi hadi saa mbili kabla ya kupewa usingizi, na mlo mwepesi hadi saa sita kabla. Kumnyima mzee aliyekonda hata maji kwa saa 18, mara tatu katika siku nane, hakumo katika mwongozo wowote ninaoujua.

Sidai kwamba angelishwa vizuri angepona. Saratani ilikuwa na moto wake, na chakula peke yake hakizimi moto huo. Ninachodai ni kwamba hakupewa nafasi.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila anayeandikishwa kwa upasuaji wa kifua apimwe uzani siku hiyo hiyo, aulizwe alikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita, na kama ana kadi ya kifua kikuu isomwe. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 apelekwe kwa mtaalamu wa lishe kabla hajapewa tarehe, na jamaa zake waitwe waelezwe kwa lugha wanayoielewa. Mukene, ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya omena, wana protini tele, na bei yake haimshindi mtu wa kawaida. Wakisagwa na kuchanganywa na mchuzi wa karanga, hata asiye na meno anakula.

Orodha ya upasuaji nayo ipangwe ili anayeahirishwa ajue kufikia saa nne asubuhi, apate uji.

Kadi ya mjomba ninayo bado. Daktari yeyote anayetaka kufundishia wanafunzi wake kwa nambari zile tatu, nitampa nakala.