Mazoezi ya Dharura ya Nyuklia Humpima Nani?

Kila baada ya miaka miwili, mitambo ya umeme wa nyuklia nchini Marekani hulazimika kufanya zoezi kubwa la dharura. Wakaguzi wa serikali huja, wakahesabu dakika ambazo ofisi moja imechukua kuiarifu nyingine, kisha ripoti ikaandikwa. Utaratibu huo ulitokana na ajali ya Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Machi 1979. Hauna ubaya. Ila wanaopimwa humo aghalabu ni maofisa. Mwananchi wala halazimiki kutoka nyumbani kwake.

Na mwananchi ndiye aliyewashangaza wakubwa mwaka huo wa 1979. Gavana Thornburgh aliwashauri wajawazito na watoto wasiotimiza umri wa shule, waliokuwa ndani ya maili 5, waondoke. Hao walikuwa elfu chache tu. Waliofungasha virago wakakadiriwa kuwa 144,000! Ujumbe ulikusudiwa wachache, ukasikiwa na wote.

Japani ni mfano mchungu zaidi, maana huko mazoezi yalifanywa. Mipango ya dharura ya Fukushima ilihusu eneo la kilomita 8 hadi 10. Usiku wa Machi 11, 2011, amri ya kuhama ilikuwa ya kilomita 3. Alfajiri ikawa 10. Jioni yake 20. Kituo cha kusimamia dharura, kilichokuwa kama kilomita 5 kutoka mtamboni, hakikufaa kitu. Tume ya bunge iliripoti mwaka 2012 kwamba amri ya kwanza ilipotolewa, ni kama asilimia 20 tu ya wakazi jirani waliojua kuna ajali. Wengi walitoka na nguo walizovaa, wakidhani watarejea baada ya siku chache. Baadhi walikimbilia kaskazini-magharibi, kulikokuwa na mionzi mingi, ilhali makadirio ya mwelekeo wake yalikuwa mikononi mwa serikali. Mji wa Miharu uliwagawia watu vidonge vya iodini kwa uamuzi wake wenyewe; wakuu wa mkoa wakauagiza uvikusanye, nao ukakataa.

Sisi wanaisimu huambiwa tunapenda kubishania maneno. Haidhuru. Serikali yetu ilitaja Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kujengea mtambo. Wakazi waliandamana mwaka 2024, na mwaka 2025 mjadala ukahamia Siaya. Popote utakapojengwa, king'ora kitafuatwa na sentensi. Itakuwa kwa lugha gani? Mwambie mtu "jikinge": mmoja ataingia ndani, mwingine atakimbia, nayo hayo ni mambo mawili yanayopingana. "Mionzi" kwa wengi ni kitu cha hospitalini. Na "kaeni ndani" ina maana gani kwa aliye katika nyumba ya makuti ipitishayo upepo?

Kwa hivyo, zoezi lolote litakalofanywa hapa lisikaguliwe ofisini pekee. Jioni ya siku hiyo, mkaguzi abishe hodi vijijini, aulize kwa Kigiriama, Kijaluo au Kiswahili: Ulisikia nini? Ulielewa ufanye nini? Nani angembeba mzee asiyeweza kutembea? Majibu yaandikwe jinsi yalivyotamkwa, nayo yachapishwe katika ripoti iyo hiyo yenye dakika za maofisa.