Shingo ya mutoto haingoji boni

Wandugu wafanyakazi, mwenzetu mmoja wa shimo alikuja kwa delegasyo yetu pamoja na muke wake. Mutoto wao wa miezi miwili, shingo inainama upande wa kuume, kidevu kinaangalia kushoto. Munganga alisema ni musuli wa shingo umefupika, akaandika kine mara mbili kwa juma. Kampuni ikakatala kutoa boni: eti kine si dawa, ni kunyoosha viungo tu.

Sisi tunasema hapana. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Haikusema matunzo ni vidonge na sindano peke. Kwa ugonjwa huu hakuna kidonge. Dawa ni mikono ya kine, na mikono ya mama na baba kila siku nyumbani.

Tena wakati unahesabika. Wakianza mbele ya miezi mitatu, batoto wengi wananyooka bila kupasuliwa. Wakichelewa, musuli unakomaa, kichwa kinaweza kubapa upande mmoja, na wamoja wanafika mpaka kwa opereshoni. Mwenye kuhesabu franka ahesabu vizuri.

Tuambiane ukweli sisi kwa sisi pia. Kuna wenye kupeleka mutoto kwa watu wa kuvuta shingo kwa nguvu. Tuache hiyo. Shingo ya mutoto haivutwi kama kamba. Yale kine anafundisha ni ya pole: kumulalisha mutoto kwa tumbo akiwa macho, mutu mukubwa akimuchunga, kumuita na kumuonyesha kitu upande ule hapendi kugeukia, kubadilisha upande wa kumunyonyesha. Usiku alale chali. Na shingo ikipinda gafula pamoja na homa, ni hospitali palepale.

Leo mwenzetu analipa kine kwa mushahara wake mwenyewe, na mutoto ameanza kugeuka. Tunafurahi, lakini deni hilo si lake. Madelege wote, tuombe kine iandikwe katika listi ya matunzo, na kampuni irudishe makuta yaliyotoka mufukoni mwa mfanyakazi.

Na wewe baba, ukiona shingo ya mutoto inainama, usingoje. Nenda kwa munganga, chukua karatasi, kisha uje nayo kwetu.