Kitulo huioni kwa dirisha la gari

Kwa miaka yote niliyofundisha jiografia huku Nyanda za Juu Kusini, ziara ya shule ilikuwa na maana moja tu: Mikumi. Watoto wanaamshwa usiku wa manane, wanapakiwa kwenye basi, wanatapika njiani, wanazungushwa hifadhini saa mbili, wanarudi. Ukiwauliza wameona nini, watakutajia makalio ya tembo yakiishia kichakani, twiga wa mbali, na soda waliyonunuliwa Iringa. Hakuna aliyekanyaga hata unyasi mmoja wa hifadhi, kwa kuwa kushuka garini ni marufuku, na marufuku hiyo ni ya haki kabisa.

Kinachonikera ni kwamba basi hilohilo, likitokea Mbeya, hupita Chimala bila mtu hata mmoja kugeuza shingo upande wa kulia. Huko juu, nyuma ya ukuta ule wa mlima, iko hifadhi ya taifa ambayo mtoto angeweza kuitembea kwa miguu yake tangu asubuhi hadi jioni, akainama, akanusa, akachora kwenye daftari, na asitokee mtu wa kumfokea arudi ndani ya gari.

Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa rasmi mwaka 2005. Ina kilomita za mraba 413 hivi, na sehemu yake kubwa ni uwanda wa majani ulioinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Ni hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Zimeorodheshwa aina kama 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu.

Takwimu hizo utazikuta kwenye vipeperushi. Ambalo vipeperushi havisemi ni kwamba ukikaa ndani ya gari hutaona karibu chochote. Utaona kijani, kisha kijani kingine, kisha ukungu. Okidi nyingi za Kitulo hazivuki goti la mtu mzima, na nyingine zimejificha kwenye majani yenye maji ambako lazima uchuchumae. Dereva akienda mwendo wa kawaida, uwanda mzima unakwisha kabla abiria hajamaliza pakiti ya karanga.

Nilimpandisha huko shemeji yangu wa Dar es Salaam, mtu wa gari la kiyoyozi, mwezi wa Februari maua yakiwa yamechanua. Tulipita njia ya Hamsini na Saba, ile ya vumbi inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake. (Kama kweli ni hamsini na saba, waulizeni madereva, mimi tumbo huwa haliniruhusu kuhesabu.) Unaliacha joto la Usangu na mashamba yake ya mpunga, kila kona masikio yanaziba na kuzibuka, na kabla hujajua umeshaanza kutafuta sweta. Tulipofika uwandani shemeji akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Sasa shemeji, hapa pana nini?"

Sikumjibu. Baadaye kidogo akaomba gari lisimame achimbe dawa. Akatokomea nyuma ya kilima. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, nikaanza kuogopa. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti, suruali imelowa, anapiga picha kwa simu ua la rangi ya chungwa lililosimama wima kama mwenge, na nyuma yake mengine kwa mamia, yakishuka na bonde hadi kwenye kijito. Gari likawekwa pembeni. Siku ile tulitembea hadi mvua ya alasiri ilipotufukuza, na swali lake halikurudi tena.

Sijui nani alitufundisha kwamba utalii ni lazima uwe wa meno na pembe. Nimewasikia watu wazima wakishauri wapelekwe wanyama Kitulo ili wageni wavutike. Jamani! Uwanda huu una tandawala anayetembea kwa maringo kwenye majani mafupi, una mbayuwayu buluu, ndege adimu duniani anayekuja kuzaa huku majira ya mvua, una tohe wachache. Kutokuwa na simba ndiyo mali yake kubwa, maana ndiko kunakompa mtu wa kawaida ruhusa ya kutembea.

Na kutembea huko kuna faida ambazo gari halizileti. Chukueni kisa cha kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa milima ya Rungwe walisikia habari za kima mwenye jina hilo ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote cha sayansi. Wakaingia msituni kwa miguu kumtafuta, wakampata huko Rungwe na pia kwenye msitu wa Livingstone, ambao sasa umo ndani ya Hifadhi ya Kitulo. Dunia ilitangaziwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Wazee wa Rungwe walikuwa wakimjua siku zote. Ilihitaji tu mtu wa kuketi nao, kuwauliza, halafu kufunga kamba za viatu.

Upande wa pili wa sarafu ni chikanda. Viazi vya okidi huchimbwa, hukaushwa na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga na kupikwa mpaka vikawa kama mkate. Ni chakula kitamu, nimekila, sitaki kujifanya mtakatifu. Lakini okidi ikishang'olewa kiazi chake imekufa, na biashara hii ilichimbua milima ya kusini kiasi kwamba ikawa mojawapo ya sababu za kuitenga Kitulo. Wachimbaji ninaowafahamu si majambazi. Ni watu wenye ada ya shule ya kulipa, na mnunuzi analeta fedha taslimu hadi mlangoni. Askari wa doria watawakimbiza leo, na kesho watarudi kupitia bonde jingine. Kijana wa Matamba akilipwa kuwaongoza wageni kumi kwenda kuona ua, atakuwa mkali juu ya ua lile kuliko askari yeyote, na bonde linalopitiwa na watu kila siku halichimbwi kimyakimya.

Mtu akiniambia hakuna atakayefunga safari kwenda kuona majani na ukungu, namtajia Uingereza. Hifadhi ya taifa ya kwanza kule, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951. Haina simba wala nyati. Ina kondoo, tope, upepo na uwanda wa vichaka vifupi ambao kilele chake, Kinder Scout, kina mita 636, yaani robo tu ya kimo cha Kitulo. Mwaka 1932 vijana kutoka Manchester na miji ya jirani waliuvamia mlima huo uliokuwa mali ya matajiri wawindaji, wakidai haki ya kutembea tu, na wengine wakafungwa jela kwa ajili hiyo. Leo mamilioni wanakwenda huko kila mwaka na viatu vyao vya tope, na vijiji vinaishi kwa kuwauzia chai.

Sisi hatudaiwi jela. Lami imeshapanda kutoka Njombe hadi Makete. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukikilinganisha na cha mgeni. Ninachokiomba kwa wanaohusika si hoteli ya kifahari, na ninaogopa sana siku nitakayosikia imejengwa. Naomba njia za miguu zilizowekewa mawe ya alama, zifuate zile ambazo Wawanji na Wakinga wamezipita vizazi na vizazi kwenda kuoa, kuzika na kuuza viazi. Naomba vibanda vitatu au vinne vya kujikinga na mvua, choo safi, na orodha ya waongozaji kutoka vijiji vinavyopakana na hifadhi, watakaolipwa siku hiyohiyo. Magari yazuiwe kabisa kuacha barabara, kwa sababu alama za tairi kwenye ardhi ile tepetepe hazifutiki upesi. Na maafisa elimu wa Mbeya na Njombe waandike Kitulo kwenye ratiba zao za ziara. Mtoto aliyesimama pale juu akaona maji yakichuruzika kuelekea Usangu, akaambiwa ndiyo yanayokwenda kuchangia mto Ruaha Mkuu na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hahitaji mwalimu kumchorea mchoro wa umeme ubaoni.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilipopangiwa Makete mama yangu alilia akidhani nimeadhibiwa, na asubuhi yangu ya kwanza ya Julai huko, nilipokuta ganda la barafu juu ya ndoo ya maji iliyolala nje, nilikaribia kumuunga mkono. Kwa hiyo ushauri wangu kwa watu wa pwani ni huu. Juni hadi Agosti waachieni wenyeji. Maua yako kati ya Desemba na Aprili, na mvua nayo iko hapohapo: anza kutembea mapema, saa nane uwe umekaribia paa. Septemba hadi Novemba maua ni machache lakini jua lipo na njia ni kavu, na mimi kwa magoti niliyobaki nayo ndiyo miezi ninayoipenda. Gambuti na sweta zito la mtumba vinapatikana soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa bei ya kupatana. Matamba utapata gesti, viazi mviringo vya kuchemsha na chai ya rangi. Ukikaribishwa ulanzi, onja kwa adabu, kesho yake kuna mlima.

Wenye mapafu mazuri watafute mwongozaji wavuke milima ya Livingstone hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Unashuka zaidi ya mita 2,000: sweta unalivua kwenye migomba, viatu unavivua mchangani. Vyungu vya Wakisi vinauzwa palepale, vizuri mno na vyepesi. Ukinunua, usijidanganye kurudi navyo mlimani. Kuna magari ya kwenda Kyela.