Koo la Mtoto wa Kayole ni Kazi ya Kaunti

Mtoto wa Kayole au Dandora, huku Eastlands ya Nairobi, akilalamika koo, husukutua maji ya chumvi, hununuliwa vidonge viwili vitatu dukani, kesho yake yuko darasani. Wengi hupona. Wachache hupatwa na homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili, ikiwa imechokozwa na bakteria wa koo, hugeuka na kuushambulia moyo. Miaka inapita, vali ya moyo inakakamaa au inavuja, na hapo ndipo namba ya paybill ya mchango wa upasuaji inaanza kuzunguka kwenye WhatsApp.

Hatuupingi upasuaji. Hospitali ya Mater, hapo South B, imeokoa watoto wengi kwa kazi hiyo. Tunachokataa ni serikali ya kaunti kukaa kana kwamba wajibu wake unaanzia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Ushahidi kwamba moyo unaweza kukingwa mapema uko kwa jirani. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao mioyo yao ilikuwa imeanza kuathirika bila dalili waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa sindano. Waliodungwa penisilini kila baada ya wiki nne? Asilimia 0.8. Matokeo yalichapishwa 2021. Dawa yenyewe ni ya zamani: unga mweupe unaochanganywa na maji ukawa mzito, muuguzi akichelewa sindano inaziba, na mtoto hurudi nyumbani akichechemea. Ndiyo maana wengi hukatiza. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mabegi na simu mwaka 2023 wana kazi gani nzito kuliko kumfuata mtoto huyo hadi mlangoni?

Kisha kuna waliokwisha kuwekewa vali ya bandia ya kimakanika. Hawa humeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yao yote, na damu yao lazima ipimwe INR, yaani kasi yake ya kuganda, mara kwa mara. Sukuma wiki, chakula chetu cha kila jioni, ina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa hakatazwi kuila, ila aile kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Msichana anahitaji kuambiwa mapema kwamba warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wala asitokee afisa wa kutuambia tusubiri dawa mpya zisizohitaji vipimo. Dabigatran, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa wenye vali hizo. Utafiti huo, uliochapishwa 2013, ulikatizwa kwa sababu damu iliganda na kuvuja zaidi kuliko kwa warfarin.

Afya iligatuliwa 2013, na kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya afya, hakina utata. Kaunti ya Nairobi itangaze hadharani ni zahanati zipi za Eastlands zina penisilini hiyo leo, zipi zinapima INR, na ni nani anayeshika daftari la watoto waliokosa sindano. Isipoweza kujibu, wawakilishi wadi wa Makadara, Kamukunji na Embakasi wasipitishe bajeti ya afya hadi majibu yapatikane.