Barua kutoka Uingereza: kodi ya jengo imfuate mwenye jengo

Ndugu zangu mlioko nyumbani Tanzania,

Nawaandikia kuhusu zile shilingi 1,500 zinazokatwa kila mwezi mnaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2021 tozo za miamala ya simu zilipigiwa kelele nchi nzima hadi Serikali ikazipunguza. Kodi ya jengo iliingia kwenye LUKU mwaka uleule, Agosti, nayo ikapita kwa manung'uniko ya muda mfupi tu. Naona ilistahili mjadala mrefu kuliko ule wa tozo za simu, kwa sababu ndiyo kodi ambayo kwa asili yake ingepaswa kuzibua mitaro, kuwasha taa za barabarani na kuzoa taka za mitaa yetu. Njia ya kuikusanya tumeipata, lakini yenyewe bado haijawa kodi ya jengo.

Tukumbuke tulikotoka. Serikali za mitaa zilipofufuliwa mwaka 1984, baada ya kufutwa mwaka 1972, zilipewa kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa kama walivyoiita enzi za mkoloni. Mtu mzima alidaiwa kwa sababu tu ni mtu mzima, awe na duka au awe hana hata kuku. Wanaokumbuka mgambo wakiweka vizuizi siku ya gulio na kudai stakabadhi watakubali kwamba chuki ile haikutokana na uvivu wa kulipa. Ilitokana na kudaiwa sawa na asiye sawa nawe, kisha usione fedha imefanya nini. Mwaka 2003 kodi hiyo ikafutwa, na ilistahili kufutwa. Lakini pengo lake lilizibwa kwa ruzuku kutoka Hazina, na tangu hapo halmashauri nyingi zimezoea kutazama Dodoma kuliko kutazama wakazi wake. Uganda ilipita njia hiyo hiyo: ilisitisha kodi yake ya kichwa mwaka 2005, wilaya zikapoteza chanzo chao kikubwa cha mapato, na kodi mbadala, ile ya huduma za mitaa na ile ya hoteli, zikaja baadaye zikiwa dhaifu kuliko ile iliyoondoka.

Kodi ya jengo ndiyo ingefaa kushika nafasi hiyo, kwa sababu nyumba haifichiki wala haihami. Ila tazameni tulivyoitengeneza. Kuanzia mwaka 2016 ukusanyaji ulipelekwa Mamlaka ya Mapato, halafu uthamini ukawekwa kando na viwango vikawa vya mkupuo. Leo nyumba ya kawaida inatozwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala, yenye choo cha nje na wapangaji watatu, inatoa 18,000. Jumba la chini lenye bustani na bwawa la kuogelea Masaki nalo, maadamu halina ghorofa, linatoa 18,000. Sheria inaangalia kama kuna ngazi ya kupanda juu, haiangalii nyumba ina thamani gani. Na anayelipa ni nani? Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Akiingiza shilingi 5,000, kwanza inakatwa kodi ya jengo, kisha VAT, kisha makato ya REA na EWURA, ndipo anapata uniti. Anaambiwa akaelewane na mwenye nyumba wake arudishiwe. Mpangaji wa chumba kimoja, anayeogopa kupandishiwa kodi ya pango, atamdai vipi baba mwenye nyumba 1,500? Kwa hiyo tumeifuta kodi ya kichwa kwa mlango wa mbele na kuirudisha kupitia mita.

Huku ninakoishi waliwahi kufanya kosa hilo, na wakalilipia. Serikali ya Margaret Thatcher ilifuta kodi ya zamani ya majengo na kuweka kodi ya kichwa, Scotland mwaka 1989 na England na Wales mwaka 1990. Katika halmashauri moja, tajiri na mfagiaji walidaiwa kiwango kimoja, ingawa wenye kipato duni walipunguziwa. Mamilioni hawakulipa, Machi 31, 1990 ghasia zikalipuka katikati ya London, na kodi hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyomng'oa Thatcher Novemba mwaka huo. Mwaka 1993 ikaja kodi mpya ya halmashauri, inayotegemea thamani ya nyumba. Linalotufaa sisi ni namna walivyothamini. Hawakuingia kila nyumba na kupima vyumba. Nyingi zilitazamwa kutoka barabarani tu na kuwekwa katika moja ya madaraja manane, na kwa England daraja la juu kabisa linalipa mara tatu ya daraja la chini. Ubovu wake nao uko wazi: England hadi leo inatumia thamani za Aprili 1991, kwa kuwa kila serikali inaogopa kuzigusa. Tukiiga, tuige madaraja, na tuandike kwenye sheria kwamba yatapitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

Nitaambiwa kuthamini nyumba ni gharama na sisi hatuna wathamini wa kutosha. Lakini mwaka 2022 tulifanya sensa ya majengo pamoja na sensa ya watu, na zoezi la anwani za makazi likabandika namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa. Madaraja matano yanayotokana na eneo na ukubwa wa jengo hayahitaji mthamini kila mlango, na mita ya LUKU inaweza kubaki njia ya kukusanyia ikiunganishwa na jina la mwenye nyumba, huku mpangaji akiruhusiwa kisheria kukata kiasi hicho kwenye pango bila kuomba.

Hoja nzito zaidi ni kwamba fedha hizo zikipelekwa halmashauri, madiwani na watendaji watazila. Ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, zimeeleza mara nyingi fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS ambazo hazikufika benki, na siwezi kuwaomba mlifumbie macho hilo. Hata hivyo fedha ikikusanywa na Mamlaka ya Mapato, mkazi wa Tandale hana wa kumuuliza. Ikiwa kwenye bajeti ya halmashauri, yupo diwani anayerudi kuomba kura. Tena asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ndiyo mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kila chanzo kinachohamishiwa juu kinapunguza fungu hilo. Mamlaka iendelee kukusanya kama ina mfumo bora, lakini fedha iingie akaunti ya halmashauri husika, na kiasi chake kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

Wapo wazee wenye nyumba za thamani Kariakoo au Upanga na mifuko mitupu. Hao waendelee kupewa msamaha kwa nyumba wanayoishi, na asiyesamehewa aruhusiwe kuahirisha deni hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa.

Mtauliza sisi wa ughaibuni tunaingiaje humu. Tunaingia kwa sababu tumejenga Goba, Kigamboni na Bunju nyumba zinazokaa na mlinzi tu, na kwa kila moja tunatoa 18,000 sawa na mjane wa Mbagala. Kwa utaratibu ninaoupendekeza wengi wetu tutalipa zaidi. Naomba diwani wenu aulizwe kwenye mkutano wa mtaa unaofuata: mwaka jana kata yetu ilichangia kiasi gani cha kodi ya jengo kupitia LUKU, na kilichorudi ni kiasi gani?

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtanzania aliyeko Uingereza