Mtihani umeisha Uvira, cheti kingali Kinshasa

Kila mwaka wafinalisti wetu wakimaliza siku nne za Exetat, mji wa Uvira unaanza kusubiri. Kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, simu ikilia watu wanashtuka. Siku matokeo yakitoka, nyumba ya aliyefaulu inajulikana kwa poda nyeupe kichwani na shangwe barabarani. Ya aliyekosa inajulikana kwa mlango uliofungwa. Hayo tumeyazoea. Tusichopaswa kukizoea ni kumwona kijana amefaulu, halafu miaka inapita hana karatasi ya kuonyesha.

Maneno haya ni kwa wazazi wa hapa mjini, lakini zaidi ni kwenu mliokimbia vita: mlioko Busuma na Musenyi kule Burundi, mlioko kwa jamaa Rumonge na Bujumbura, na mlioko ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Nyarugusu. Ninyi ndio mnaoumia zaidi na jambo hili.

Exetat ilianza mwaka 1967. Nia yake ilikuwa nzuri: mtoto wa Uvira, wa Fizi na wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Asilimia 50 iwe 50 kila mahali. Ndiyo maana mwaka 2025, Bukavu ikiwa tayari mikononi mwa AFC/M23, mtihani ulifanyika pande zote mbili za mstari wa vita. Nchi ilikatika, mtihani haukukatika. Basi kwa nini cheti kikatike?

Tuchukue mfano wa kijana wa sekondari ya ufundi, wa ujenzi au umeme. Huyu anapita mlima mrefu kuliko wenzake. Kabla ya zile siku nne ana insha, ana Kifaransa cha mdomo, na ana jury pratique ambapo lazima aonyeshe kwa mikono yake kile alichojifunza. Wazazi wamelipa, kwa sababu elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari bado ni mfuko wa baba na mama. Kisha majibu yanasafirishwa Kinshasa kusahihishwa, zaidi ya kilomita 1400 kutoka hapa.

Kusubiri kwa kijana huyu kuna ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni matokeo. Yanakuja kwa ujumbe wa simu, kupitia mitandao ya Kongo. Aliye kambini Burundi, laini yake ya Kongo imekufa mkononi. Anabaki kuomba ndugu aliyebaki Uvira amtazamie, kama huyo ndugu naye hajakimbia.

Ngazi ya pili ni cheti chenyewe. Wengi wanaishi na hati ya muda mwaka baada ya mwaka. Hati hiyo ikiungua nyumbani au ikilowa njiani wakati wa kukimbia, mtu aliyefaulu anafanana na mtu ambaye hakusoma. Na shule iliyompa inaweza kuwa imefungwa, prefe naye ni mkimbizi.

Ngazi ya tatu ni ruhusa ya kufanya kazi, hasa kwa anayetaka kuwa mhandisi. Majirani zetu wana bodi zao. Kenya, kwa mfano, aliyemaliza chuo kikuu anaandikishwa kwanza kama mhitimu, anafanya kazi miaka isiyopungua mitatu, kisha anapimwa tena kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Mwaka 2012 Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kutambua wahandisi wa kila upande, na Rwanda ikajiunga baadaye. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, meza ikiwa imeshaandaliwa. Lakini kijana wetu hawezi hata kuukaribia mlango huo wa tatu, kwa sababu bila cheti cha serikali ni vigumu kuandikishwa chuoni.

Kuna watakaouliza: watu wanakosa unga na dawa, wewe unaongea vyeti? Nawajibu kwa mambo ya hapa hapa. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabeba nyumba na kuharibu daraja. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia Kavimvira na kuwatoa watu majumbani. Mji huu unahitaji watu wanaojua kupima mto, kujenga kuta za kuzuia maji na kuchimba mifereji. Watu hao ndio hawa vijana wa ufundi. Tukiwaacha wabebe mizigo sokoni Bujumbura kwa kukosa karatasi, siku mto utakaporudi tutamwita nani?

Wengine wanasema vyeti vya uongo ni vingi, kwa hiyo Kinshasa inalazimika kwenda polepole. Ni kweli vyeti vya uongo vipo. Lakini ucheleweshaji huo huo ndio unaomlisha mwenye kuviuza. Mtu akikaa miaka bila haki yake, atashawishika kuinunua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, orodha za matokeo ya Kivu Kusini zifikishwe pia kwenye kambi, kwa karatasi, zibandikwe ukutani kama zamani. Pili, ofisi ya ukaguzi wa elimu ya mkoa ipewe uwezo wa kutoa barua rasmi ya kuthibitisha matokeo, bila kungoja ndege ya Kinshasa. Orodha zipo, kinachokosekana ni sahihi na muhuri. Tatu, serikali ikae na majirani juu ya kutambua vyeti vyetu. Msingi upo: Ibara ya 22 ya Mkataba wa Geneva wa 1951 inazitaka nchi ziwape wakimbizi nafasi nzuri kadiri inavyowezekana katika masomo, pamoja na kutambua vyeti vya shule walivyopata kwao. Ibara ya 25 inataka mkimbizi asaidiwe kupata hati ambazo angepewa na serikali yake. Mkiwa mbele ya ofisi yoyote huko mliko, zitajeni ibara hizo kwa namba zake.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Namba ya mtahiniwa iandikwe kwenye daftari na kwenye simu za watu wawili wa familia wanaokaa mahali tofauti. Hati ya muda na buletini zipigwe picha leo. Na anayekuja na habari kwamba kwa dola kadhaa anaweza "kuharakisha" matokeo ya mtoto, afungiwe mlango. Matokeo hayaharakishwi kwa mfuko wa mtu binafsi, na fedha hiyo ni afadhali inunue kalamu na madaftari ya mdogo wake atakayefanya mtihani mwaka ujao.